Kufuli la Elfu Sita

Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa "Aina ya dharura",
mfupi kama kidole changu cha mwisho.
Nikamwambia Bwana Lwitiko, andika mvua.
Akasema, mvua Tukuyu si dharura, mama Tupokigwe,
mvua hapa ni jirani.
Basi andika ukuta.
Andika ukuta wa nyuma ulioshuka saa tisa usiku,
taratibu, kama mtu mzima anayetafuta pa kukaa,
ukalala juu ya kitanda ambacho
dakika ile, kwa rehema ya kibofu changu,
hakikuwa na mtu.

Akacheka. Kisha akaandika: Maafa ya asili.
Herufi zikaenea.

Hapakuwa na mstari wa miezi saba
katika stoo ya kaka yangu Ambilikile,
mimi na magunia ya viazi,
viazi vikichipua macho meupe gizani,
vikinitazama nikivaa.
Hakuna aliyenitukana, na hilo nalo liandikwe.
Wifi alinimiminia chai kabla ya wanawe.
Ila akitaka viazi alfajiri alisukuma mlango tu.
Stoo ni yake. Nani hupiga hodi stoo?
Mimi ndiye niliyepiga.
Nikirudi kutoka vibarua vya chai, goti limevimba,
nakohoa kwanza pale nje,
nasema hodi
mahali nilipoanika kanga yangu mwenyewe.

Hela iliingia Alhamisi, simu ikalia mara moja.
Nikamwita kijana wa mashine anisomee,
halafu anisomee tena, polepole,
sifuri moja moja.
Laki nne na themanini.

Orodha tulishaipanga, mimi na Bwana Lwitiko:
kodi ya chumba Kiwira, miezi sita,
godoro, blanketi zito la baridi ya mwezi wa saba,
jiko la mkaa, sufuria mbili.
Mwiko alikuwa ameusahau.
Nilimwambia, mwanangu, ugali utaukoroga na kalamu?

Nilishuka sokoni na noti nimezifunga kwenye upindo.
Nikalipita godoro.
Nikayapita masufuria yanayong'aa kama Jumapili.
Nikasimama kwa muuza vyuma
nikachagua kufuli, la shaba, zito, funguo tatu,
nikalifunga na kulifungua pale pale mezani
hata muuzaji akauliza, mama, unanunua au unacheza?
Vyote viwili, nikasema.

Alikuja kukagua wiki ya pili, viatu vyake vina tope jekundu.
Nilikuwa nimekaa kwenye godoro.
Akasema, "Hodi."
Nilimsikia.
Sikumjibu upesi, na haikuwa jeuri.
Neno lile lilikuwa limekaa mdomoni mwangu siku nyingi mno,
nilitaka nilisikie likitoka nje, likija kwangu,
likingoja.
Akarudia, "Hodi humu."
"Karibu," nikasema. "Karibu ndani. Vua viatu."

Akazipanga risiti sakafuni, moja moja,
akifuata orodha kwa ukucha.
Akafika kwenye ile ndogo.
"Kufuli," akasema. "Hili hatukuliandika."
Hatukuliandika, kweli.
"Una nini cha kuibiwa, mama?"
Hakuuliza kwa ubaya. Alitazama chumba:
jiko, sufuria mbili, mwiko, mimi.
Nikaitafuta sentensi ya kiofisi, sikuipata.
Nikamwambia, toka nje.
Akatoka.
Nikafunga kwa komeo la ndani,
nikahesabu mpaka tano,
nikafungua.

Alisimama kizingitini kitambo.
Kisha akaandika, sijui nini, hakunisomea,
ilikuwa ndefu kuliko mstari.

Kodi itaisha mwezi wa tatu.
Baada ya hapo sijui; goti halijui, chai haijui.
Ufunguo mmoja nimempa wifi yangu, kwa ajili ya ugonjwa.
Mmoja uko chini ya jiko.
Huu wa tatu nimeufunga kwa kamba ya mgomba,
unalala kifuani,
na kila asubuhi ni wa baridi
kabla haujapata joto langu.